Mtu Anayeruka na Mwaka 1938

Jumamosi tuliangalia The Rocketeer kwa projekta ya kuazima. Haikuwa agasobanuye, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa mbele kuwafasiria wadogo mpaka sauti ikakauka.

Filamu ilitoka 1991, mwongozaji Joe Johnston. Hadithi imetokana na katuni ambazo Dave Stevens alianza kuzitoa 1982, lakini mambo yenyewe yanatokea Los Angeles mwaka 1938. Cliff, rubani asiye na pesa, anakuta injini ya kubeba mgongoni imefichwa na jambazi ndani ya ndege. Rafiki yake Peevy, fundi, anamtengenezea kofia ya chuma. Akaruka! Wadogo walipiga kelele hadi jirani akagonga mlango. Na pale anapoziba tundu la tangi kwa chingamu, basi tena.

Adui ni Neville Sinclair, mwigizaji maarufu wa sinema, kumbe ni jasusi wa Wanazi. Mimi namkubali zaidi Eddie Valentine, mkubwa wa majambazi aliyelipwa kumtafutia Sinclair ile injini. Alipojua anamfanyia kazi Nazi, akamgeukia palepale. Wizi sawa, ila hilo hapana.

Tulipomaliza, dogo mmoja akaniuliza: «Kaka, kama Wanazi walikuwa wabaya hivyo, watu waliowakimbia walienda wapi?» Kwenye filamu nzima hakuna mkimbizi hata mmoja. Sikuwa na jibu, nikaenda kusoma.

Julai ya mwaka huohuo, 1938, nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, kuongea juu ya Wayahudi waliokuwa wanakimbia Ujerumani na Austria. Karibu zote zilisikitika, halafu zikasema nafasi hakuna. Jamhuri ya Dominika ilisema iko tayari kupokea hadi 100,000. Waliofika kukaa huko hawakutimia hata elfu moja.

Wengine walikuja huku kwetu Afrika Mashariki. Mtoto Stefanie Zweig aliingia Kenya mwaka huo na wazazi wake. Baba alikuwa mwanasheria kwao. Kenya akawa mtu wa shamba la wengine. (Wangapi kambini wana diploma na wanabeba maji?) Vita vilipoanza 1939, Waingereza wakawafungia wanaume kama yeye kambini, eti maadui, kwa sababu karatasi zao ni za Kijerumani. Yaani Hitler anakufukuza kwa kuwa wewe ni Myahudi, Mwingereza anakufunga kwa kuwa wewe ni Mjerumani.

Nilimweleza dogo. Akauliza tu kama waliachiwa. Ndiyo, waliachiwa, na baba yake Stefanie baadaye akaingia jeshi hilohilo la Waingereza. Mwaka 1947 familia ikarudi Ujerumani.

Stefanie alikuja kuandika riwaya ya maisha hayo, ikawa filamu 2001, Nowhere in Africa, ikapata Oscar 2003. Jumamosi ijayo tunaangalia hiyo. Ndani kuna Kiswahili, kwa hiyo koo langu litapumzika kidogo.