Matege: jua lilipogunduliwa kuwa dawa, na lilipoonekana halitoshi

Mwaka 1650 daktari Mwingereza Francis Glisson alichapisha kitabu kizima kuhusu maradhi ya watoto wenye miguu iliyopinda, vifundo vya mikono vilivyovimba na mbavu zenye vinundu. Miaka mitano kabla yake, Daniel Whistler alikuwa ameyaandikia tasnifu ya udaktari huko Leiden, Uholanzi. Wote wawili waliyaeleza vizuri. Chanzo hawakukijua.

Viwanda vilipokuja, mambo yakazidi kuwa mabaya. Katika karne ya 19 London, Manchester na Glasgow zilifunikwa na moshi wa makaa ya mawe, na vichochoro vya maskini vilikuwa vyembamba hata jua halikufika chini. Matege yakawa maradhi ya kawaida. Msichana aliyeugua utotoni alikua na nyonga iliyobanwa, na siku ya kujifungua ikawa hatari kwake na kwa mwanawe.

Theobald Palm, daktari mmisionari, alishangaa aliporudi Uingereza kutoka Japani, ambako matege yalikuwa adimu. Akakusanya taarifa za madaktari wenzake waliokuwa China, India na kwingineko, kisha mwaka 1890 akaandika kwamba watoto wa Uingereza wanakosa jua. Hakusikilizwa sana, kwani wengine waliamini kasoro iko kwenye chakula. Nao walikuwa na ushahidi: watoto walionyweshwa mafuta ya ini la samaki walipona.

Mwaka 1919 kila upande ulipata hoja yake. Huko London, Edward Mellanby aliwafungia ndani watoto wa mbwa na kuwalisha vyakula duni vya nafaka. Wakapata matege, na mafuta ya ini la samaki yakawakinga. Huko Berlin, Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto wagonjwa kwa taa ya miali ya urujuanimno, na picha za eksirei zikaonyesha mifupa ikikomaa upya. Alipomulika mkono mmoja, hata mwingine ulipona. Kumbe ngozi ilikuwa ikitengeneza kitu kinachosambaa mwilini.

Elmer McCollum wa Baltimore, Marekani, alikitambua kitu hicho mwaka 1922. Aliyapasha moto mafuta ya ini la samaki na kuyapitishia hewa mpaka vitamini A ikaharibika, lakini bado yakaponya matege. Kwa kuwa A, B na C zilikwishapewa majina, hii ikaitwa D. Miaka miwili baadaye Harry Steenbock wa Wisconsin alionyesha kuwa hata chakula kikimulikwa hupata nguvu hiyo, na kufikia miaka ya 1930 Wamarekani walikuwa wakiuziwa maziwa yaliyoongezwa vitamini D. Matege yakapungua sana.

Kwa hesabu hiyo, nchi za jua kali zisingekuwa na matege. Lakini katikati ya Nigeria watoto wanaocheza nje kutwa waliendelea kupinda miguu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwahusisha watoto 123 wa huko. Wengi walikuwa na vitamini D ya kutosha, ila chakula chao kiliwapa takriban miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Baada ya wiki 24, asilimia 61 ya waliopewa kalsiamu walikuwa wamepata nafuu kubwa. Kwa waliopewa vitamini D peke yake, ilikuwa asilimia 19 tu.

Vitamini D hufanya utumbo ufyonze kalsiamu, nayo kalsiamu ndiyo inayokaza mfupa. Moja ni fundi, nyingine ni saruji. Watoto wa Glasgow walikosa fundi. Wa Nigeria walikosa saruji.

Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali waliyaweka yote mawili katika mwongozo mmoja: mtoto chini ya mwaka mmoja apate yuniti 400 za vitamini D kila siku, na aliyevuka mwaka apate zaidi ya miligramu 500 za kalsiamu. Kwetu, mama huambiwa kliniki amwoteshe mtoto jua la asubuhi, na ushauri huo una msingi. Lakini mtoto akishaachishwa ziwa na kubaki na uji mtupu wa mahindi, jua halitaziba pengo. Anahitaji maziwa au mtindi, na pale visipopatikana, dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao.