Jiwe Lililozaliwa na Moto

Katika karne ya 18 wenye elimu wa Ulaya waligawanyika makundi mawili kwa ajili ya swali moja: je, mawe magumu kama itale na basalti yalitokana na maji au na moto?

Mkuu wa kundi la maji alikuwa Abraham Gottlob Werner, aliyeanza kufundisha katika chuo cha migodi cha Freiberg, Ujerumani, mwaka 1775. Yeye alishika kwamba hapo mwanzo dunia yote ilifunikwa na bahari, na kwamba mawe hayo yalijitenga na maji yakatuama, mfano wa chumvi ibakiavyo maji yakikauka. Milima ya moto aliiona kuwa jambo dogo tu, lililoletwa na makaa ya mawe yawakayo chini ya ardhi. Wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi, wakayaeneza mafundisho yake.

James Hutton wa Edinburgh, Uskochi, hakukubali. Alisema kwamba ndani ya dunia mna joto kuu liyeyushalo mawe. Mwaka 1785 alikwenda kutafuta ushahidi katika bonde la Glen Tilt. Huko mtoni aliona mishipa ya itale nyekundu imepenya ndani ya mawe mengine na kuyapasua. Kama itale ingalituama majini kabla ya mawe yote, kama alivyofundisha Werner, ingaliwezaje kuyapenya mawe yaliyokuja baadaye? Bila shaka iliingia hali imeyeyuka. Hutton alifurahi hata waliomwongoza wakadhani ameona fedha au dhahabu.

Lakini wapinzani walikuwa na hoja nzito. Jiwe likiyeyushwa tanurini kisha likapoa, walisema, huwa kioo. Basalti si kioo. Basi haikutoka motoni.

Aliyeijibu hoja hiyo ni Sir James Hall, rafiki wa Hutton, mdogo wake kwa miaka 35. Hall alitaka kuyeyusha mawe na kuona yatakuwaje, ila mzee hakupendezwa. Kwake, kazi kuu za dunia hazikuweza kupimwa kwa kuchungulia ndani ya kijungu kidogo. Hall alimstahi. Hutton alikufa mwaka 1797, na mwaka uliofuata Hall aliwasha tanuri.

Alikuwa amepata habari za kiwanda cha vioo cha Leith, ambako kioo kilichopoa polepole mno kwa bahati mbaya kilipoteza uangavu wake kikafanana na jiwe. Basi aliyeyusha basalti. Iliyopozwa upesi ikawa kioo cheusi; iliyopozwa polepole ikarudi kuwa jiwe lenye chembechembe. Akaijaribu na zaha ya Vesuvius na Etna, milima ya Italia, mambo yakawa yale yale. Hoja ya wapinzani ikaanguka: kinachotenga jiwe na kioo ni muda wa kupoa.

Leo twajua sababu yake. Magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, hupanda kwa kuwa ni nyepesi kuliko mawe yanayoizunguka, na gesi zilizomo huisukuma. Ikikwama chini sana, hupoa kwa maelfu mengi ya miaka, na chembe zake hupata nafasi ya kukua: ndiyo itale. Ikifika juu hupoa upesi, na chembe hubaki ndogo, kama katika basalti. Ama hazipati nafasi kabisa, ikawa kioo.

Ushahidi huu tunao hapa Kenya. Karibu na Naivasha kuna kioo cheusi cha volkeno, ambacho watu wa kale walikichonga wakapata visu vikali. Nacho kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, ni mwamba ulioganda ndani ya koo la volkeno iliyozimika zamani, nao una chembe zinazoonekana kwa macho.

Hivyo kijana aliyetofautiana na mzee wake juu ya njia ya kutafuta ukweli ndiye aliyeyathibitisha maneno ya mzee huyo. Alimheshimu, lakini hakuacha kuuliza.