Wezi walikamatwa, kirusi kikabaki: historia ya DNSChanger

Intaneti ikikatika, wakaaji wa Baraka na Fizi husema rezo imepotea ao mega zimekwisha. Wengine wanakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilipofunga intaneti nchini kote kwa karibu wiki tatu. Lakini kuna wakati rezo ni nzima, na ugonjwa uko ndani ya kompyuta yenyewe. Dunia ililiona jambo hilo mwaka 2012, kwa sababu ya kirusi kilichoitwa DNSChanger.

Kirusi hicho kilianza kuenea mwaka 2007. Mara nyingi kilijificha ndani ya programu ambayo mtu aliambiwa aipakue ili aone video. Kikiisha kuingia, kilibadilisha kitu kimoja kidogo: anwani za DNS.

DNS ni nini? Kila tovuti ina jina, lakini kompyuta hutafuta njia kwa namba. DNS ni kama mzee wa mtaa anayejua nyumba zote: unamtajia jina, anakuonyesha mlango. DNSChanger kilimwondoa mzee huyo, kikaweka mtu wa wezi mahali pake. Mwenye kompyuta alipelekwa kwenye tovuti asizozitafuta, ao akaonyeshwa matangazo yaliyowaingizia wezi pesa. Kilizuia pia antivirusi isipate masasisho.

Tarehe 8 Novemba 2011, polisi ya Estonia ikishirikiana na FBI ya Marekani ilikamata raia sita wa Estonia. Kompyuta zilizoambukizwa zilikuwa karibu milioni 4, katika nchi zaidi ya 100, na wezi walikuwa wamepata dola zisizopungua milioni 14. Kiongozi wao, Vladimir Tsastsin, alihukumiwa mjini New York mwaka 2016 kifungo cha miaka 7 na miezi 3.

Hata hivyo, kukamatwa kwa wezi hakukuponya kompyuta. Ziliendelea kuuliza njia kwenye mashini zao. Kama mashini hizo zingezimwa siku ileile, watu wengi sana wangekosa intaneti bila kujua sababu. Kwa hiyo mahakama ya New York iliruhusu shirika la Internet Systems Consortium kuweka mashini safi mahali pa zile za wezi, kwanza hadi tarehe 8 Machi 2012, kisha hadi tarehe 9 Julai. Wakati huo zilifunguliwa kurasa za ukaguzi: rangi ya kijani maana yake kompyuta ni salama, nyekundu maana yake ni mgonjwa.

Siku ya kuzima ilipofika, kompyuta zaidi ya 200,000 zilikuwa bado na ugonjwa. Watu walikuwa wameonywa kwa miezi, lakini intaneti yao ilitembea vizuri, basi wakaona hakuna haja ya kukagua. Msaada uliwaficha ugonjwa wao.

Habari hii inatugusa. Familia nyingi za Fizi zina ndugu ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, na wengine mbali zaidi. Intaneti ndiyo inayoleta habari zao. Na pale kompyuta moja inapotumiwa na watu wengi, kila mmoja na kle USB yake, mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza wengi.

Basi rezo ikisumbua, jaribu kwanza simu kwenye laini ileile. Simu ikifungua tovuti na kompyuta ikikataa, shuku kompyuta. Angalia anwani za DNS katika mipangilio yake: kama kuna namba ambazo wewe wala kampuni yako ya intaneti hamkuziweka, ziondoe. Kisha pitisha antivirusi yenye masasisho mapya, na baada ya hapo kagua anwani zile tena. Antivirusi inaweza kuua kirusi, lakini njia mbovu iliyoandikwa ikabaki palepale. Badilisha pia neno la siri la kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, kwa maana DNSChanger kiliweza kuingia hata humo kilipokuta neno la kiwandani.