Nanasi la Kiwangwa Halipandi Ndege: Hoja Juu ya Uchaguzi wa Ndege za Masafa Marefu Tanzania

Tangu Boeing 787-8 ya kwanza ya Air Tanzania ilipotua Dar es Salaam Julai 2018, watetezi wa ununuzi wa ndege kubwa wamekuwa na hoja moja wanayoikimbilia kila hesabu ya abiria inapowaelemea: mizigo. Ndege hizi, husemwa, zitawatoa wakulima shambani na kuwafikisha kwenye masoko ya nje. Hoja ilipata nguvu zaidi Juni 2023, ilipopokewa Boeing 767-300F, ndege ya mizigo pekee yenye uwezo wa tani 54. Katika orodha ya mazao yanayotajwa, baada ya maua, samaki na parachichi, nanasi nalo hutafutiwa nafasi.

Makala haya yanapinga mpangilio wa hoja hiyo. Sidai kwamba 787-8 ni ndege mbovu. Ni ndege nzuri, na ndiyo maana imetufumba macho. Ninachodai ni kwamba shirika dogo linapochagua ndege ya masafa marefu, swali la kwanza ni idadi ya safari ambazo kundi lake la ndege litaweza kufanya kwa wiki bila kukatika. Mzigo hufuata ratiba. Usipokuwa na ratiba ya kuaminika, ukubwa wa tumbo la ndege haukusaidii kitu.

Vigezo vya kawaida vya uchaguzi havina ubishi na sitavikalia: umbali wa njia, idadi ya viti, ulaji wa mafuta, aina ya injini, gharama ya kuwafunza marubani na mafundi, masharti ya mkopo au ukodishaji, na foleni ya kiwandani. Ubishi umezuka kati ya kambi mbili. Ya kwanza inasoma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inaona hasara ya Air Tanzania iliyopanda kutoka shilingi bilioni 35.24 mwaka 2021/22 hadi bilioni 56.64 mwaka 2022/23, kisha inahukumu kwamba ndege hazikupaswa kununuliwa. Ya pili inajibu kwamba shirika la taifa haliwezi kupimwa kwa faida peke yake, kwa kuwa watalii na wafanyabiashara linaowaleta hawaonekani katika vitabu vyake. Kambi zote mbili zina kasoro ileile: zinaijadili ndege mojamoja, kama mtu anayenunua gari la kutembelea. Shirika hununua kundi la ndege, na kundi lina hesabu zake.

Historia yetu wenyewe ingetosha kutufundisha. East African Airways, iliyomilikiwa na Tanzania, Kenya na Uganda, ilipokea Super VC10 yake ya kwanza mwaka 1966 na hatimaye ikawa nazo 5. Uchaguzi ule ulikuwa na mantiki iliyo wazi. Nairobi ipo juu sana kutoka usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo ilihitajika ndege yenye nguvu ya kuruka ikiwa imejaa. Ndege zile ziliwekewa hata mlango mkubwa wa mizigo mbele, maana yake hoja ya mizigo si ngeni kwetu. Lakini VC10 ilikunywa mafuta mengi kuliko mshindani wake, Boeing 707, na kadiri njia za kurukia zilivyorefushwa duniani, sifa iliyoifanya ichaguliwe ikapungua thamani huku bili ya mafuta ikibaki palepale. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, mlango ule wa mizigo haukuwa umeliokoa. Sisemi kwamba VC10 ndiyo iliyolivunja. Siasa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitosha kwa kazi hiyo. Baadaye, mwaka 1995, Tanzania iliingia ubia wa Alliance Air pamoja na Afrika Kusini na Uganda, ikitumia Boeing 747SP, ndege iliyobuniwa kwa safari ndefu kupita kiasi, kwenda London. Mwaka 2000 ubia ukafa.

Sasa tuje kwenye hesabu. 787-8 imebuniwa kuruka kiasi cha kilomita 13,500. Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai, njia iliyofunguliwa Julai 2019, ni kama kilomita 4,700. Hadi Dubai ni kama 4,000. Hadi London ni kama 7,500, na hadi Guangzhou, ambako ndiko mbali zaidi, ni kama 8,700. Hakuna hata njia moja kati ya hizi inayofika theluthi mbili ya uwezo wa ndege. Uwezo usiotumika haukai bure: mbawa, matangi na magurudumu ya kubebea mafuta ya kilomita 13,500 yana uzito wake, na uzito huo unasafirishwa katika kila safari hadi Mumbai na kurudi. Air Tanzania hiyohiyo imepokea tangu Oktoba 2023 ndege 2 aina ya 737 MAX 9, nyembamba, ambazo uwezo wake wa kilomita 6,000 na ushei unaifikia Mumbai na Dubai bila shida.

Hilo la umbali, hata hivyo, ndilo jepesi. Zito ni la muda. Guangzhou ni saa 10 hadi 11 angani kila upande. Ongeza kushusha, kusafisha, kupakia na kujaza mafuta mara mbili, na safari moja ya kwenda na kurudi imekula saa 24. Kwa hiyo shirika linalotaka kwenda Guangzhou kila siku linahitaji ndege moja isiyofanya kazi nyingine yoyote na isiyougua kamwe. Kuanzia Oktoba 2019 hadi Agosti 2024 Air Tanzania ilikuwa na 787-8 mbili. Ikiingia moja katika matengenezo makubwa, nusu ya uwezo wa masafa marefu imeondoka, na abiria aliyekata tiketi ya Mumbai anaambiwa asubiri. Shirika lenye ndege za aina hiyo kwa makumi likipoteza moja, abiria hata hawajui. Hasara ya shirika dogo haianzii kwenye bei ya kiti. Inaanzia pale ambapo msafirishaji wa mizigo, akishaachwa mara mbili, anahamia Addis Ababa au Nairobi na harudi tena.

Hapa ndipo Kiwangwa inapoingia. Kata hii ya Wilaya ya Bagamoyo, kwenye barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, inajulikana kwa mananasi kuliko kwa jambo lingine lolote. Msimu ukikolea mwishoni mwa mwaka, marundo hupangwa kando ya lami na malori hupakia kuelekea masoko ya Dar es Salaam, huku bei ikishuka kadiri marundo yanavyopanda. Tatizo la mkulima ni kwamba nanasi huiva kwa pamoja na wanunuzi ni walewale. Je, ndege ndiyo dawa? Nanasi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, lina taji lisiloliwa lakini linalopimwa kwenye mizani, na nauli ya anga kwa kilo moja kwenda Ghuba huweza kuzidi bei ya nanasi zima shambani. Tena ni tunda lenye subira: likihifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 8 hivi, huvumilia safari ya wiki mbili au tatu baharini. Samaki wa Mwanza hawana subira hiyo. Waridi la Arusha halina.

Ghana ilikwisha kulifanya jaribio hili kwa niaba yetu. Katika miaka ya 1980 ilijipatia soko Ulaya, sehemu kubwa kwa kusafirisha mananasi kwa ndege. Costa Rica ikaja na aina ya MD2, iliyoingizwa sokoni na Del Monte mwaka 1996, ikaipakia melini kwa makontena ya baridi, na kufikia mwaka 2005 wanunuzi wa Ulaya walikuwa wameikimbia aina ya zamani ya Ghana. Waliobaki kwenye biashara ni waliobadili mbegu na njia ya usafiri. Kwa hiyo mkulima wa Kiwangwa anahitaji chumba cha baridi, mbegu inayotakiwa sokoni, kontena bandarini Dar es Salaam, na viwanda vya kusindika kama kile cha Sayona pale Mboga, Chalinze. Kumtaja katika hotuba za ndege ni kumkopa jina lake bila kumlipa.

Watu hunijibu kwa mfano wa Ethiopian Airlines, ya kwanza Afrika kupokea 787, Agosti 2012. Mfano huo unanisaidia mimi. Addis Ababa ni kitovu: ndege hujazwa na abiria wanaotoka miji mingi wakibadilisha ndege, na 787 ilikuta ratiba ikiisubiri. Mfano unaotufaa zaidi ni wa jirani. Kenya Airways ilipokea 777-300ER tatu miaka ya 2013 na 2014 kwa matumaini ya gharama ndogo kwa kila kiti. Mwaka 2016 zote tatu zikakodishwa kwa Turkish Airlines, baada ya hasara ya shilingi za Kenya bilioni 26.2 katika mwaka mmoja wa fedha. Kiti cha bei nafuu kisicho na mtu ni ghali.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Agosti 2024 iliwasili 787-8 ya tatu, na yawezekana ndege 3 zinaanza kufanana na kundi: moja matengenezoni, mbili kazini. Nakubali, kwa tahadhari. Lakini Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliifungia Air Tanzania anga yake kwa sababu za usimamizi wa usalama, na Juni 2025 ukayajumuisha mashirika yote yaliyosajiliwa nchini. Njia za Ulaya, ambazo samaki na maua yetu yanazihitaji, zimefungwa, na kufunguliwa kwake kunategemea wakaguzi na kumbukumbu za matengenezo, vitu visivyozinduliwa kwa ngoma uwanjani.

Kwa hiyo Wakala wa Ndege za Serikali, unaozimiliki ndege hizi na kuzikodisha kwa shirika, usiagize ya nne kabla ya kuonyesha ratiba ya miezi 12 iliyotimizwa na tatu zilizopo, njia kwa njia, pamoja na idadi ya safari zilizofutwa na tani zilizopakiwa kweli. Ratiba hiyo ikionyesha tani zinazoachwa uwanjani kwa kukosa nafasi, nitakuwa wa kwanza kuunga mkono agizo. Sitarajii kuona nanasi kati yake.