Marekani: "upendeleo wa wazungu" ni kitu gani, na neno hilo linasaidia?

Tarehe 4 Aprili 2022, ku Grand Rapids, jimbo la Michigan, polisi mumoja muzungu alisimamisha gari juu plake haikulingana na gari yenyewe. Aliyeendesha alikuwa Mukongomani, Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26. Alitoka inje, akakimbia kidogo, wakashikana, wakagombania ile bunduki ya umeme ya polisi. Kisha polisi akamupiga risasi nyuma ya kichwa, kijana akiwa amelala kifudifudi ku majani.

Familia yake ilikimbia vita ya kwetu, ikapitia Malawi, ikafika Marekani mu 2014. Baba yake aliongea na waandishi wa habari kwa Kiswahili, mutu mwengine anatafsiri. Polisi alifikishwa ku tribinali, lakini mu Mei 2025 raia waliowekwa kuhukumu hawakusikilizana, na mwendesha mashitaka akaacha kesi.

Kila mara jambo kama hilo linatokea, kule Marekani mabishano yanarudilia neno moja: upendeleo wa wazungu, ao privilège blanc kwa Kifransa. Kuna wenye kusema bila neno hilo huwezi kuelewa inchi ile. Kuna wengine, hata kati ya watu weusi wenyewe, wanaosema neno hilo linapoteza watu njia. Na kwa sababu familia nyingi za mashariki ziko na watoto kule, tumeona vizuri tueleze.

Neno linatoka wapi

Wenye kulitumia hawasemi eti wazungu wote ni matajiri. Wanasema hivi: rangi ya ngozi yenyewe inamuondolea mutu vizuizi fulani, hata kama hakuomba, na mara nyingi yeye mwenyewe haoni.

Mu mwaka wa 1935, mwalimu mukubwa mweusi, W.E.B. Du Bois, aliandika kitabu juu ya wakati uliofuata utumwa. Alijiuliza kwa nini wafanyakazi wazungu maskini wa kusini hawakuungana na weusi maskini kudai mushahara muzuri. Jibu lake: yule muzungu alilipwa kidogo, lakini alipewa kama mushahara wa pili. Aliheshimiwa, aliingia pahali pa watu wote, polisi walitoka mu jamii yake, masomo ya watoto wake yalikuwa mazuri zaidi. Feza haikuongezeka, lakini alijiona juu ya mwenzake. Na nani alifaidika? Mwenye shamba na mwenye kiwanda.

Miaka zaidi ya 50 ikapita. Mu 1988, Peggy McIntosh, mwanamuke muzungu wa Wellesley College, akaandika liste ya vitu vidogo vya kila siku: kuingia mu magazini bila mulinzi kukufuata nyuma, mambo ya namna hiyo. Alivifananisha na mufuko usioonekana ambao muzungu anabeba ku mugongo. Liste hiyo njo iliyotembeza neno mu masomo na mu mafunzo ya makampuni.

Tuangalie tofauti. Du Bois aliongea juu ya wakubwa na wafanyakazi. McIntosh aliongea juu ya mutu na mufuko wake. Kwa mawazo yangu, mabishano mengi ya leo yanatoka pale.

Ubaguzi wenyewe umepimwa

Hapa hakuna sana cha kubishania. Devah Pager alituma vijana kutafuta kazi mu muji wa Milwaukee, wenye kufanana kwa mambo mengi, na mu 2003 akatoa matokeo. Muzungu aliyesema alipita gereza aliitwa na wakubwa wa kazi mara 17 kwa 100. Mweusi asiyewahi kufungwa, mara 14. Usome tena mara ya pili, mimi nilisoma mara tatu.

Mwaka uliofuata, wachunguzi wengine walitoa matokeo ya barua karibu 5.000 za kuomba kazi walizotuma Chicago na Boston. Barua zilifanana, majina tu ndiyo yaliyobadilika. Emily na Greg, majina ya wazungu, waliitwa karibu nusu zaidi kuliko Lakisha na Jamal.

Kisha kuna nyumba. Mu miaka ya 1930, serikali ya Marekani ilisaidia watu kupata mukopo wa kununua nyumba, lakini kartie za weusi zilipakwa rangi nyekundu ku karte: hatari, musikopeshe. Sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba ilikuja mu 1968 tu. Kule, nyumba njo akiba ya familia, na muzazi anaiachia mutoto. Mu 2022, banki kuu ya Marekani ilihesabu mali: familia ya katikati ya wazungu ilikuwa na karibu dola 285.000, ile ya weusi karibu 44.900. Aliyepaka ile rangi alishakufa zamani. Rangi ingali inafanya kazi.

Wanaokataa neno wanasema nini

Naomi Zack, mufilozofu, anasema neno linakosea mizani. Polisi kutokuua mutu bila sababu, hilo si upendeleo, ni haki. Kama muzungu anaipata na mweusi anaikosa, kosa si kwamba muzungu amepewa nyingi, ni kwamba mweusi amenyanganywa yake. Ukirudi ku kesi ya Lyoya utaona uzito wa hoja hiyo. Hakuna mutu wa familia ile aliyeomba wazungu wapunguziwe kitu.

Mwengine ni Adolph Reed, mwalimu mweusi wa siyasa. Yeye anasema kuhesabu rangi tu kunaficha feza: utaweka weusi wachache juu, na maskini wa rangi zote watabaki chini. Mwambie muchimba makaa wa West Virginia, muzungu, mine imefungwa, kifua kimeharibika, eti yeye ni mupendelewa. Hatakusikiliza tena.

Tena kuna uchunguzi wa mwaka wa 2019 wa Erin Cooley na wenzake. Walisomesha watu wenye mawazo ya maendeleo habari ya upendeleo wa wazungu, kisha wakawaonyesha mutu maskini. Huruma kwa mweusi maskini haikuongezeka. Huruma kwa muzungu maskini ilipunguka. Hilo linapaswa kuwasumbua wenye kutoa mafunzo hayo.

Upande wa pili una jibu nao. Wanasema muchimba makaa ni maskini, kweli, lakini si rangi yake iliyomufanya hivyo. Na matokeo ya Milwaukee bado yanamuhusu siku atakapoomba kazi. Ni kweli pia.

Sisi hapa Kongo

Wazee wetu waliona upendeleo wa wazungu ukiwa umeandikwa mu sheria. Kartie za wazungu mbali, za weusi mbali. Mu 1948 Wabelgiji wakaleta kadi la mérite civique, mu 1952 immatriculation, kwa mweusi "aliyeendelea": inspekta alikuja hadi mu nyumba kuangalia namna gani munakula, namna gani munalala. Mu Juni 1960, mu Force Publique hapakuwa na ofisa mweusi hata mumoja. Hapo hakuna aliyehitaji liste ya vitu visivyoonekana.

Na Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Upendeleo lazima uwe na mwenye kupendelea. Mukubwa akiingiza mutoto wa ndugu yake ku kazi, tunamuuliza mukubwa, si mutoto. Kwa hiyo mimi ninakubali neno linapouliza nani anapendelea: banki gani, polisi gani, mwenye nyumba gani, kwa sheria gani. Linapogeuka kuwa kumutaka mutu atubu juu ya ngozi yake, sioni tena linamufaa nani.

Kwa wenye ndugu kule: mutu akikataliwa nyumba juu ya rangi yake ao inchi alikotoka, anaweza kushitaki ku wizara ya nyumba (HUD) mbele mwaka 1 haujapita. Ikiwa ni kazi, anaenda ku tume inayoitwa EEOC. Kule siku ni 180, na mu majimbo mengi 300. Aweke barua, mesaji na tarehe zote.