Mistari Iliyochorwa Mchangani: Asili ya Mashine Isomayo Bidhaa Dukani

Mwezi uliopita nilisimama katika foleni ya duka kuu moja mjini Tanga, mbele yangu akiwa mama mmoja aliyebeba kikapu cha unga, mafuta, sabuni na chupa ndogo ya asali ya nyuki wa kwetu. Keshia, binti mwepesi wa mkono, alivipitisha vitu vyote juu ya kioo cha mashine, na kila kimoja kikaitikiwa kwa mlio mfupi, hata ilipofika zamu ya asali mashine ikanyamaza kimya. Akaigeuza chupa, akaifuta kwa kitambaa, akaipitisha tena mara ya tatu, wapi! "Niwie radhi, mama, hii haisomi," akasema, kisha akainamia namba zilizopigwa chini ya mistari, akaziandika moja baada ya moja, tarakimu 13, ilhali foleni ikizidi kurefuka. "Usijali, mwanangu," mama akamjibu, "nitangoja." Chupa ilipowekwa kando niliitazama kwa makini: mistari ilizungushwa kwenye tumbo la chupa hata ncha zake zikapotelea upande wa pili, na wino wake ulikuwa mwekundu. Aliyeitengeneza alitia jitihada na fedha yake, ila hakupata mtu wa kumweleza jinsi jicho la mashine ile linavyoona. Kisa chake ndicho kilichonitia hamu ya kuandika habari hizi.

Asili ya mistari hiyo ni mji wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1948. Mkuu wa kampuni moja ya maduka ya vyakula alikwenda katika Taasisi ya Teknolojia ya Drexel akaomba watafutiwe njia ya kuitambua bidhaa yenyewe kwa yenyewe mbele ya mpokea fedha, kwa kuwa wakati ule kila bei iliandikwa juu ya kila kitu, ikasomwa kwa macho na kubonyezwa kwa kidole, na makosa yalikuwa mengi. Mkuu wa kitivo hakulikubali ombi hilo, walakini mwanafunzi mmoja, Bernard Silver, aliyasikia maneno yao, akamwendea sahibu yake Norman Joseph Woodland, na wote wawili wakashikwa na shauku. Jaribio lao la kwanza lilikuwa la wino ung'aao chini ya mwanga usioonekana kwa macho. Wino huo ulififia upesi na gharama yake ilikuwa kubwa.

Woodland akaondoka chuoni, akahamia Miami Beach katika nyumba ya babu yake, na huko, katika majira ya baridi ya mwaka 1948 kuingia 1949, akiwa amekaa pwani akiitafakari alfabeti ya Morse ya nukta na mistari aliyojifunza utotoni katika chama cha skauti, alichoma vidole mchangani na kuvivuta kuelekea kwake, akaona ametoa mistari mirefu, mingine minene na mingine myembamba. Fikra ikamjia papo hapo kwamba tofauti ya unene huo yaweza kuchukua maana kama nukta na mistari ya Morse ichukuavyo. Kisha akauzungusha mchoro wake ukawa duara ndani ya duara, ili usomeke kutoka upande wowote. Mtu wa pwani, aliyekulia kuchora mchangani kwa kidole na kuyaona maji yakifuta aliyoyachora, hapati taabu kukiona kitendo kile kwa macho ya moyo.

Tarehe 20 Oktoba 1949 waliomba hataza, wakapewa tarehe 7 Oktoba 1952. Mashine yao ya kwanza ilitumia taa ya wati 500, yenye joto la kutosha kuiunguza karatasi iliyokuwa ikisomwa. Haikuwapo kompyuta ya bei ya kadiri wala mwanga mwembamba wa kutosha. Fikra ilikuwa imeutangulia wakati wake. Waliiuza hataza hiyo mwaka 1962 kwa kampuni ya Philco kwa dola 15,000, na mwaka uliofuata Silver akafariki, umri wake miaka 38, asiione mistari yake dukani hata siku moja.

Leza ilivumbuliwa mwaka 1960, na hapo mwanga mwembamba ukapatikana. Kampuni ya RCA, iliyokuja kuimiliki hataza ile, iliyajaribu maduara ya Woodland katika duka la Kroger mjini Cincinnati mwaka 1972, lakini katika kupiga chapa wino ulitapakaa upande mmoja na maduara yakavurugika.

Hapa ndipo pahali pa kutua, kwa sababu aghalabu wasimuliaji huisifu mashine na kuyasahau mapatano. Tangu mwaka 1970 wenye viwanda vya vyakula na wenye maduka ya Marekani, watu waliozoea kuvutana kwa kila senti, walikaa katika kamati moja, na jambo la kwanza walilokubaliana halikuwa mashine wala mchoro, bali namba: tarakimu 5 za mtengenezaji na tarakimu 5 za bidhaa yake, zitumike kwa wote. Namba ilipokwisha kusimama, kamati ndogo iliyoongozwa na Alan Haberman, mkuu wa kampuni ya maduka, ikazikaribisha kampuni zilete michoro ya kuichukua namba ile. Tarehe 3 Aprili 1973 ikachagua ule wa IBM, kazi ya mhandisi George Laurer, na katika kampuni hiyo hiyo alikuwamo Woodland, aliyeajiriwa tangu mwaka 1951. Laurer aliyaacha maduara akasimamisha mistari, kwa hoja nyepesi yenye hekima: mstari ukipigwa chapa kwa kuufuata urefu wake, wino ukitapakaa hurefusha mstari tu, na unene, ambao ndio wenye maana, hubaki salama.

Wazee wetu wa biashara wangaliyaelewa mapatano hayo ya namba bila ya kufafanuliwa. Vibaba vinne hufanya pishi, na frasila ya karafuu, takriban ratili 35, ilijulikana kwa muuzaji na mnunuzi pia. Maadamu kipimo kilikubaliwa na wote, watu wa lugha na nchi mbalimbali waliweza kuuziana.

Tena namba ile ina mlinzi wake. Tarakimu ya mwisho haikuwekwa kwa kubahatisha, bali huzaliwa na zile zilizotangulia. Chukua mfano wa namba itumikayo kwetu leo, 620123456789, yenye tarakimu 12 kabla ya mlinzi huyo. Jumlisha zilizo mahali pa kwanza, pa tatu na kuendelea hivyo: 6, 0, 2, 4, 6 na 8, utapata 26. Jumlisha zilizobaki: 2, 1, 3, 5, 7 na 9, utapata 27, zidisha kwa 3, ni 81. Jumla ya yote ni 107, na kuifikisha 110 pamepungua 3. Basi 3 ndiyo tarakimu ya 13. Mashine hufanya hesabu hii kila mara kabla ya kutoa mlio, na ikikosana huukataa usomaji wote. Yule binti wa Tanga angalibonyeza tarakimu moja visivyo, kompyuta ingalimzuia.

Asubuhi ya tarehe 26 Juni 1974, saa mbili na dakika moja, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, keshia Sharon Buchanan alipitisha juu ya kioo furushi la pakiti 10 za chingamu ya Wrigley, na rejista ikaandika senti 67. Mnunuzi alikuwa Clyde Dawson, mkuu wa utafiti wa kampuni hiyo hiyo ya maduka. Mashine ya leza ilitoka Spectra-Physics, na rejista ilitoka NCR, kampuni ya Dayton, mji wa jirani.

Soko halikuipokea kwa mbio. Wenye maduka walisema hawanunui mashine ya thamani kubwa ilhali bidhaa nyingi hazina mistari, na wenye viwanda wakasema hawapigi chapa mistari ilhali maduka hayana mashine. Zaidi ya hayo wanunuzi walinung'unika kwamba bei imeondolewa juu ya bidhaa na kubandikwa kwenye rafu tu, na baadhi ya majimbo yakatunga sheria ya kuirudisha. Kwa maoni yangu walikuwa na haki: mnunuzi asiyeiona bei hawezi kuibishia mashine. Ulienea pia uvumi kwamba mistari mirefu ya pembeni na ya katikati ni tarakimu 6 tatu, hesabu ya mnyama wa Ufunuo, na uvumi huo ulifika mpaka kwetu. Laurer, aliyefariki mwaka 2019, aliukanusha: mistari ile ni mipaka ya kuionyesha mashine mwanzo, kati na mwisho, haina thamani ya tarakimu yoyote. Maduka makubwa ya bidhaa mchanganyiko yalipoanza kuitumia mistari hiyo katika miaka ya 1980, shaka ikaisha.

Ulaya iliunda chama chake cha kutoa namba hizo mjini Brussels mwaka 1977, na tarakimu zikawa 13. Vyama viwili, cha Ulaya na cha Marekani, viliungana mwaka 2005 vikaitwa GS1. Kenya ilipata kiambishi 616 na Tanzania 620. Watu wengi hudhani kiambishi hicho chaonyesha bidhaa ilikotengenezwa. Sivyo, chaonyesha chama kilichoitoa namba. Kwa muda mrefu wazalishaji wengi wa Tanzania walichukua namba nchi za nje, na bidhaa ya jasho letu ikasimama rafuni kwa kiambishi cha wengine, jambo lililowauma kwa haki.

Mashine nayo imebadilika sura. Ile ya Troy ilijengwa ndani ya kaunta; ikafuata ya kushikwa mkononi mfano wa bastola; na biashara ya Spectra-Physics ya mashine za kusomea mistari ilinunuliwa na kampuni ya PSC mwaka 1996, nayo PSC ikanunuliwa mwaka 2005 na Datalogic ya Bologna, Italia. Siku hizi leza inaipisha kamera, inayopiga picha ya alama nzima, na hata simu ya kiganjani yaweza kazi hiyo. Kamera ndiyo iliyoifungulia njia alama ya miraba ya QR, iliyobuniwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso, ambayo huchukua maneno mengi kuliko mistari: tarehe ya kuharibika, fungu la uzalishaji, kadhalika. GS1 imekusudia kwamba hadi mwisho wa mwaka 2027 kaunta za maduka ziweze kusoma alama za namna hiyo pamoja na mistari ya zamani.

Narudi kwenye asali. Mwanga wa mashine nyingi za kaunta ni mwekundu, na wino mwekundu huurudisha mwanga huo kama karatasi nyeupe irudishavyo, hivyo mbele ya jicho lile mistari ya chupa ile haikuwapo kabisa. Basi wewe urinaye asali, usagaye viungo au upakiaye korosho, kabla hujamlipa mpiga chapa mwambie haya: mistari iwe myeusi juu ya nyeupe, pande zake mbili paachwe nafasi tupu, na chupa ikiwa nyembamba mistari ilazwe mmoja juu ya mwingine kama vipandio vya ngazi, isizungushwe. Kisha chukua chupa moja ya kwanza, nenda nayo dukani, mwombe keshia aipitishe mbele yako kabla hujapiga chapa elfu.