Koili kubwa ya kutafutia vyuma baharini: uliza kabla ya kununua

Juzi nilipanda Nairobi kusaka koili kubwa ya mashine yangu ya kutafutia vyuma chini ya maji. Luthuli Avenue niliizunguka duka kwa duka, nikalala Kangemi kwa shemeji. Huko fundi wa redio aliitazama mashine, akaniuliza: "Sheikh, wewe watafuta nini?"

Swali ndilo hilo. Koili ya inchi 12 hufika chini zaidi kuliko ya inchi 8 kwa kitu kikubwa kama nanga. Lakini pete nyembamba huenda ikaipita. Tena ni nzito kuisukuma majini, na penye takataka nyingi hulia ovyo.

Pili, tazama kama koili yako yafunguka. Mashine nyingi za kuzamia waya wake umeunganishwa moja kwa moja ndani. Ukiukata, maji yataingia. Kama yafunguka, nunua iliyotengenezewa mashine hiyo hasa.

Kuifunga, tumia boliti ya plastiki na washa za mpira. Uzungushe waya mpinini usicheze, uache nafasi kidogo karibu na koili. Mpira wa kiungo upake grisi ya silikoni. Kisha ijaribu kwenye beseni la maji ya chumvi.

Yangu haifunguki. Nimerudi Mombasa mikono mitupu, na alhamdulillahi: hasara ni nauli tu.

Na ukipata kitu cha kale, usikiuze. Sheria ya turathi ya 2006 yataka uwaarifu Makumbusho ya Taifa.